Gobori Jipya la Lyle Haverstick

Ijumaa, 2 Mei

Iwe habari kwa taifa zima, na bendera zishushwe nusu mlingoti: Lyle Haverstick amenunua bunduki mpya.

Nimeiandika kwa ufupi ili isiniume. Imeniuma hivyo hivyo. Basi niseme yote.

Mkutano wa kikosi ulikuwa leo, ukumbi wa zimamoto, kahawa mbovu kama kawaida. Sisi ni wanaume wazima wenye magoti mabovu ambao kila kiangazi tunavaa sare za bluu za sufu, nzito kama blanketi la farasi, na kupigana upya, kwa kuigiza, vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani vya miaka ya 1860. Mimi ninavipigana mwaka wa kumi na tisa. Wale waliovipigana mara ya kwanza walimaliza kwa minne.

Lyle ana viangazi viwili tu. Anauza bima. Meno yake yote yapo. Akaingia na sanduku refu, akalifungua polepole kama mganga anayefungua mkoba, na ndani limelala gobori. Mfano wa mwaka 1861, limetengenezwa Italia juzi juzi. Mti wa jozi laini kama shavu. Chuma kinang'aa kama kijiko cha harusi. Watu wazima wakalipokezana kama kichanga! Mmoja akauliza kama limeshapewa jina.

Langu nalo ni la Kiitaliano, la kuiga kama lake. Ila nililinunua kuukuu, kwa mtu aliyestaafu vita kwa sababu ya nyonga. Hakuna aliyewahi kulipakata.

Hilo si baya kuliko yote. Koplo wetu amehamia Florida, huko makoplo wote wanakoishia. Kapteni Eshleman, ambaye siku za kazi ni daktari wa meno wa mji huu, ametangaza kwamba tepe mbili za koplo zitatolewa kambini Jumapili ya tarehe 25, baada ya ukaguzi wa bunduki.

Nazitaka tepe zile. Nieleze kwa nini, maana mke wangu Verna haelewi. Sisi risasi hatuna, tuna baruti tu. Kwa hiyo hakuna anayekufa kwa bahati mbaya, lazima apangiwe. Ukiwaachia hiari hafi mtu: nani aendeshe gari asubuhi nzima ili afe mwanzoni? Basi Kapteni anapanga kwa mwezi wa kuzaliwa. Wa Januari wanakufa mpigo wa kwanza. Mimi ni wa Januari. Miaka yote hii sijawahi kuona mwisho wa vita. Naambiwa huwa tunashinda.

Koplo hafi. Koplo anabaki wima, ananyoosha mstari mpaka mwisho.

Lyle, bila shaka, ni wa Novemba.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani mahubiri yalinipita juu. Nilikuwa nafikiri chuma.

Verna akaniuliza nimemeza nini. Nikamwambia. Akanikumbusha amri ya kumi, habari ya kutamani mali ya jirani. Nikamjibu kwamba pale wametajwa ng'ombe na punda, magobori hayamo. Akasema nisome mpaka mwisho wa mstari. Nikasoma: wala chochote alicho nacho jirani yako. Waandishi wale walikuwa makini kupita kiasi.

Mchana, nikinywa supu ya kuku na mahindi, nikapata wazo. Jipya halishindwi kwa jipya. Jipya linashindwa kwa la zamani! Acha Lyle ang'ae. Mimi nitalizeesha langu mpaka lionekane limetoka vitani jana jioni. Kapteni akiona bunduki yenye historia, atajua koplo ni nani.

Nimekula mabakuli mawili. Verna akafurahi, akidhani nimetubu.

Jumatano, 7 Mei

Kazi imeanza.

Kwanza nimepiga msasa maandishi ya kiwandani juu ya mtutu, yale yanayosema limetengenezwa Italia. Kwenye kikosi chetu maandishi hayo ni kama lebo ya bei iliyosahauliwa kwenye suti ya bwana harusi. Kila mtu anayafuta, na kila mtu anajifanya hakuwahi kuwa nayo.

Pili, kutu. Kutu safi inataka siki. Siki ya dukani nimekuta imekwisha. Ila kwenye stoo palikuwa na mtungi mkubwa wa Verna, wa mayai ya bitiruti: mayai ya kuchemsha yaliyolowekwa kwenye siki na bitiruti, pamoja na vitunguu na karafuu, mpaka yakawa mekundu. Mayai nikayatoa. Maji yake nikayamimina kwenye karai la kunyweshea mifugo nililoazima, nikalaza gobori humo, na mtutu nikaujaza mpaka mdomoni.

Jioni: kutu ya ajabu! Ya kahawia, yenye vipele, kama ngozi ya chura. Kitako kimegeuka rangi ya waridi, lakini upande mmoja tu.

Verna kaja kutafuta maji ya mayai yake. Ni ya chakula cha pamoja cha kanisa. Akaniuliza kama nimeyanywa. Nikasema ndiyo. Niliona ni afadhali.

Jumamosi, 10 Mei

Mazoezi ya uwanjani. Siku ndefu.

Lyle ni mtu mbaya sana: ni mwema. Mara tu nilipofika akanipa gobori lake nilishike, bila kuombwa. "Chukua kaka Wendell, lipime mkononi." Nikalipima. Ee Mola! Uzito umekaa pale pale unapotakiwa. Kinyundo ukikivuta kinalia mara mbili, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi. Nikamwambia si baya.

Akasema anayapenda haya ya kuiga kuliko yale yenyewe. Ati yale yenyewe yako ndani ya kioo, ukisogea tu mlinzi anakohoa. "Hili naliangusha matopeni, nalichomoa, nalipiga. Halafu lingine ni hili, kaka: wale vijana nao walipewa mapya. Nikilishika hivi linavyong'aa, naona kile walichokiona wao."

Nikaona ni maneno ya muuza bima. Sikuyatilia maanani.

Halafu Kapteni akaliona langu. Akasimama. Akavaa miwani ile anayovaa kutazama magego. Akaanza kuniuliza, kwa sauti ya kuelekea kukemea, ni mtu gani aliyeiacha silaha yake ikafikia hali hii.

Mdomo ukasema kabla sijauruhusu. Nikasema hili silo lile langu, lile nimeliuza. Hili ni la babu wa babu yangu. Limetoka darini kwa marehemu shangazi. Babu huyo alilibeba vitani.

Watu wakavua kofia!

Lyle akasogea, akalitazama kama mtu anayetazama kaburi. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba angetoa lake leo hii apate kitu kama hiki.

Narudia ili nisisahau utamu wake: Lyle Haverstick ananionea wivu MIMI.

Alhamisi, 15 Mei

Wiki bora ya maisha yangu. Dukani kwangu watu hawaulizi tena mazulia, wanauliza babu.

Babu anaendelea vizuri. Jumatatu alikuwa amejeruhiwa mguu. Jumanne, miguu yote miwili. Leo asubuhi alimbeba mwenzake mgongoni na kuvuka naye mto, na miguu ile ile.

Verna amenikumbusha kwamba babu wa babu yangu alitoka Ujerumani vita vikiwa vimekwisha zamani, na kwamba alikuwa mwoka mikate, na kwamba aliogopa hata jogoo. Nikamwambia ushujaa una namna nyingi. Akasema, "Haya mwenzangu. Chimba tu. Shimo ni lako."

Lyle amepita dukani na keki ya molasi aliyooka mkewe. Aliomba nimsimulie tena habari ya mto.

Jumatatu, 19 Mei

Msiba!

Bi Lavina Moyer, mwangalizi wa jumba la makumbusho la mji, amesikia. Mwanamke huyu hajasikia "hapana" tangu utotoni. Amempigia Kapteni simu, na Kapteni kanipigia mimi. Gobori la babu litawekwa juu ya meza, ndani ya kioo, katikati ya kambi, Jumapili yote. Nikashukuru kwa heshima hiyo.

Halafu akaongeza kwamba, kwa kuwa ni kitu cha thamani, haliwezi kuingia uwanjani wala kwenye ukaguzi. Nikamuuliza mimi nitakaguliwa na nini. Akasema kwa upole, kama anayetangaza kung'oa jino, kwamba asiye na bunduki hubeba ndoo ya maji.

Ndoo!

Mbeba ndoo hawi koplo. Tangu dunia iumbwe hakuna mbeba ndoo aliyepewa tepe. Na siwezi kusema lile kuukuu bado ninalo, maana lile kuukuu ndilo babu.

Verna alipomaliza kucheka alikaa chini akaanza upya.

Ijumaa, 23 Mei

Lyle amekuja nyumbani. Amekuja na sanduku.

Amesema ameona si haki. Mjukuu wa shujaa asibebe ndoo. Niingie ukaguzini na gobori lake yeye. Yeye ataomba kukaa mezani na Bi Lavina, alilinde la babu na kuwasimulia wageni ile habari ya mto, maana sasa anaijua kwa moyo.

Nikamwambia ataikosa nafasi ya koplo. Akasema anajua. "Wewe umesubiri miaka mingi, kaka. Mimi bado kijana." Ana miaka hamsini na moja.

Akakaa kwenye ngazi ya nyuma akalisugua lile gobori kwa mafuta mpaka nikajiona ndani yake. Sikujiangalia sana.

Mtu mbaya kabisa.

Jumapili, 25 Mei

Iandikwe kwa ajili ya vizazi vijavyo kwamba siku ilikwenda vizuri, hali ya hewa ilikuwa nzuri, na kwamba mimi, Wendell Stauffer, baada ya kutafakari kwa kina na kwa hiari yangu mwenyewe, nimeona tepe za koplo ziende kwa mtu mwingine.

Nimechoka. Naweka kalamu chini.

Jumanne, 27 Mei

Verna kaniuliza wakati wa chai kama hata shajara yangu naidanganya. Basi. Hii hapa, kama ilivyokuwa.

Asubuhi tulipangwa mstari. Ukaguzi wetu ni huu: kila mtu anachomoa mdeki wake, ule ufito mrefu wa chuma wa kushindilia baruti, anaudondosha ndani ya mtutu. Mtutu ukiwa safi, unalia. Mtutu mchafu unatoa sauti ya mwiko kwenye uji. Wa jirani yangu ulitoa uji. Zamu yangu ikafika, nikaudondosha mdeki wa Lyle, ukalia kama kengele ya kanisa. Ndege wakaruka!

Kapteni akalishika, akaligeuza juani, akatuhutubia. Akasema tutazame kitu hiki. Akasema kuna watu siku hizi wanazitesa bunduki zao ili zionekane za kale, na huo ni ujinga, kwa sababu vijana wale hawakwenda vitani na makumbusho. Walipewa vitu vipya, na aliyeacha vikashika kutu alitiwa adabu. Bunduki ya kweli ya siku zile, akasema, iling'aa namna hii.

Ni maneno yale yale ya Lyle. Nilisimama pale nikifikiria karai.

Akaniuliza ni nani amelisafisha hivi.

Nikasema, "Mimi, Kapteni."

Sikulazimishwa na mtu. Akanigusa bega, akanong'ona kwamba nibaki karibu, tepe ziko mfukoni. Nikaziona kabisa zikichungulia! Za bluu ya anga. Nikawaza jinsi nitakavyouona mwisho wa vita.

Mchana watu wakajaa kwenye meza ya Bi Lavina. Lyle alikuwa katikati ya mto, babu kambeba mwenzake mgongoni, na akina mama wawili kutoka Ohio wanafuta machozi. Mmoja akaomba aone mdomo wa mtutu. Bi Lavina, ambaye alikuwa amevaa glavu nyeupe kwa heshima ya babu, akafungua kioo, akaliinua, akaliinamisha.

Likatoka tone. Jekundu, kwenye glavu.

Mama wa Ohio akashika kinywa. Akauliza kama ile ni damu.

Halafu likateleza duara la kitunguu. Taratibu, kama konokono anayehama. Halafu kitu kidogo cheusi kikaanguka kwenye kioo: ti! Karafuu.

Harufu ikapanda, na hakuna mtu aliyekulia huku kwetu Pennsylvania asiyeijua harufu ile. Bi Lavina akanusa glavu yake. Akanitazama mimi. Kapteni naye alikuwa amefika, akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Lyle, kwa sababu nilikuwa sina pengine pa kutazama.

Lyle akaichukua ile karafuu kwa vidole viwili. Akainusa. Nikaona usoni mwake ikimwingia yote kwa mpigo mmoja: karai, msasa, shangazi, mto. Uso ukalegea kidogo, kama wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Nilijua ninachostahili.

Akasema, "Meno."

Kapteni akauliza, "Meno?"

Lyle, bila kupepesa macho, akaeleza kwamba askari aliyeumwa jino alitafuna karafuu, na pa kuzihifadhi zisilowe palikuwa hapo hapo mtutuni. Siki ya bitiruti je? Ya kusukutua. Kitunguu je? Akafikiri kidogo. Fizi.

Kapteni Eshleman akaketi kwenye pipa. Ametibu meno ya mji huu miaka thelathini, akasema, na hakuna mtu, hata mmoja, katika kikosi hiki aliyewahi kumsimulia habari ya jino la askari. Macho yalikuwa yamemlowa. Akaingiza mkono mfukoni. Akasema anayeijua historia mpaka kwenye fizi ndiye anayestahili, akamkabidhi Lyle zile tepe.

Lyle akakataa. Akasema ni za Wendell. Akakataa mara ya pili. Kapteni akasema Wendell ni msafi, hilo amelikubali, lakini usafi peke yake hautoshi.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema kweli ningemwokoa mmoja wetu, sijui nani. Nikafungua mdomo. Mama wa Ohio akaniuliza kama babu aliwahi kupona jino.

Nikasema alipona.

Saa nane vita vikaanza. Mpigo wa kwanza, Januari chini. Nilianguka chali na gobori la Lyle kifuani, nimelikumbatia lisiguse tope. Watazamaji walicheka, nadhani ilionekana nimekufa nikinyonyesha. Koplo mpya akapita akinyoosha mstari. Akapiga goti kwangu kama anayekagua maiti, akainama sikioni.

"Uko salama, kaka?"

"Nimekufa."

"Endelea hivyo hivyo. Siku nyingine ukiloweka, toa viungo kwanza."

Akainuka akaenda. Nikalala pale nikitazama mawingu, nikasikiliza vita vikiendelea bila mimi. Walisema tulishinda.

Jana jioni Lyle alikuja, na mafuta na matambara. Tukakaa ngazi ya nyuma tukalisugua langu, lile kuukuu, lile babu. Hakunisema hata neno moja. Ile ilikuwa mbaya zaidi. Chini ya kutu chuma kizuri kikaanza kutoka. Nikamuuliza kwa nini hakuniumbua. Akasugua kwanza. Akasema kiangazi chake cha kwanza aliniona nimelala uwanjani, nimekufa, na hili kifuani, na akawaza kwamba hajawahi kuona mtu anayeipenda bunduki yake hivyo. Ndiyo maana alinunua ya kwake. Alitaka kusimama karibu yangu mstarini.

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia pale kwenye kinyundo bado pana kutu.

Verna anasema nikamweleze Kapteni ukweli, na Bi Lavina pia, na nimnunulie glavu. Nitakwenda. Nimeahidi, na safari hii namaanisha. Jumatatu. Au Jumatatu ile nyingine.

Kwa sababu leo mchana limefika sanduku kutoka kwa watengenezaji, nililoagiza zamani nikasahau: singe ya kuchomeka mbele ya bunduki, ya kuiga, mpya kabisa. Nzuri! Lyle hana singe. Na nikifikiri kwa makini, babu lazima alikuwa nayo. Alivukaje mto mikono mitupu? Shida yake ni moja tu. Inang'aa mno, hakuna atakayeamini.

Verna ameificha siki yote ya nyumba hii, mpaka chupa ya mwisho. Hajui kwamba nyuma ya friji kuna mtungi mzima wa matango ya achari.

Safari hii maji yake nitayachuja.